Kuchagua Programu ya Kuwekea Hesabu za Nyumbani

Katika somo hili tutaeleza habari za programu za kuwekea hesabu za nyumbani, yaani zile programu za simu au za kompyuta zinazoandika fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na fedha zilizobaki. Somo ni la wakulima wote wa skimu za makazi, lakini mifano yetu tumeitoa Bamburi, bara ya kaskazini ya Mombasa, pamoja na mashamba yaliyo ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Tumechagua huko kwa sababu fedha za huko haziji kwa kipimo kimoja mwezi hadi mwezi.

Mtu wa mshahara hupata fedha zake mwisho wa mwezi, na kiasi chake anakijua. Mkulima sivyo. Nazi huanguliwa mara chache kwa mwaka. Msimu mkubwa wa embe ni kuanzia Novemba hadi Februari au Machi, na mchuuzi hulipa kwa mkupuo. Mboga na mayai yanayopelekwa kwenye hoteli za ufuoni na magenge ya Bamburi Mtambo na Bamburi Mwisho huuzwa vizuri wageni wakiwa wengi. Masika yakifika mwezi wa Aprili, hoteli hupunguza vibarua, na biashara hupoa mpaka Julai. Tena mara nyingi ni familia moja yenye kijana hotelini, mama gengeni na baba shambani, basi wote watatu hupungukiwa wakati mmoja.

Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya karani wa London au New York, ambaye mshahara wake haubadiliki, yaweza kuwa nzuri sana kwake na ikampotosha mkulima wa Mtwapa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia, kabla ya kutazama rangi na picha zake.

Mfano wa mwaka mmoja

Tutwae mfano wa familia yenye shamba la ekari 5 katika skimu na genge dogo Bamburi. Familia hii tumeibuni kwa ajili ya somo tu. Wewe weka hesabu zako mahali pa hizi.

Fedha za embe hulipwa Januari, Sh. 60,000. Nazi huanguliwa Februari, Mei, Agosti na Novemba, na kila mara huleta Sh. 9,000. Mboga na mayai huleta Sh. 8,000 kila mwezi, isipokuwa Aprili, Mei na Juni, ambapo ni Sh. 3,000 tu kwa mwezi. Jumla ya mapato ya mwaka ni Sh. 177,000.

Sasa matumizi. Nyumba, mbali na chakula kinachotoka shambani, ni Sh. 9,500 kwa mwezi, nayo kwa mwaka ni Sh. 114,000. Karo na vitu vya shule ni Sh. 15,000 Januari, Sh. 12,000 muhula wa pili unapofunguliwa wakati wa masika, na Sh. 9,000 Agosti. Shamba, yaani mbegu, mbolea, dawa, mkwezi na vibarua, ni Sh. 6,000 mwezi wa Machi, Sh. 6,000 wakati wa masika, na Sh. 6,000 tena Oktoba kwa ajili ya vuli. Jumla ya yote ni Sh. 168,000.

Kwa hiyo mwaka unaisha na ziada ya Sh. 9,000. Ukitazama mwaka mzima, familia hii haina haja ya kukopa hata senti. Lakini hebu itazame mwezi kwa mwezi.

Mwezi wa Januari zinaingia Sh. 68,000, zinatoka Sh. 24,500, na zinabaki Sh. 43,500. Februari inaongeza Sh. 7,500, na Machi inazila hizo hizo Sh. 7,500. Basi mwisho wa Machi familia bado ina Sh. 43,500, kama hazikuguswa. Kisha masika yanaingia. Katika Aprili, Mei na Juni mapato yote ni Sh. 18,000, na matumizi ni Sh. 46,500. Pengo ni Sh. 28,500, nalo ni lazima lizibwe na zile fedha za embe za Januari.

Programu nyingi za bure hupanga bajeti kwa mwezi, na mwezi ukiisha hupangusa ubao na kuanza upya. Programu ya namna hiyo itamwambia mkulima mwisho wa Januari kwamba ana ziada ya Sh. 43,500. Hapo ndipo linapokuja shauri la kutoa rubuni ya pikipiki, au kuchangia harusi ya jamaa kwa mkono mkubwa. Programu haikusema uongo. Haikujua tu kwamba fedha zile ni chakula na karo ya masika.

Zikiisha, familia itakopa Sh. 28,500. Huduma ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada ya mkopo wa siku 30 ilikuwa 7.5 kwa mia. Kwa kiwango hicho Sh. 28,500 hulipiwa zaidi ya Sh. 2,130 kila mwezi, na deni likivutwa miezi minne ada peke yake hupita Sh. 8,500. Ziada yote ya mwaka ilikuwa Sh. 9,000. Mtu amepanda, amepalilia, ameangua nazi, amepanda matatu alfajiri kupeleka mboga, na ziada yake karibu yote imekwenda kwa mkopeshaji, ilhali mwanzo wa mwaka fedha za kutosha zilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza programu yo yote ni hili: je, fedha za Januari zaweza kutengwa na kupewa jina, kwa mfano "Karo ya muhula wa pili" au "Chakula cha masika", na jina hilo likabaki linaonekana mpaka Aprili? Ikiwa haiwezi, iache, hata kama jirani anaisifu.

Fedha zikihama mfuko hazijatumika

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na yafaa tukae kidogo.

Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa tarehe 6 Machi 2007, fedha za mkulima zimekuwa katika mifuko mingi. Ziko zilizo katika simu, ziko noti zilizo mkononi, ziko za SACCO, ziko za chama cha akina mama, na ziko zilizowekwa akiba katika simu ile ile chini ya jina jingine. Programu nzuri hukuruhusu kufungua mfuko mmoja mmoja kwa jina lake, na ina mahali maalum pa kuandika kwamba fedha zimehama kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule.

Tuseme umelipwa Sh. 9,000 za nazi kwa M-Pesa. Umetoa Sh. 5,000 kwa wakala. Katika hizo umenunua unga, sukari na mafuta kwa Sh. 3,200. Ukiandika Sh. 5,000 kuwa ni matumizi, kisha ukaandika na Sh. 3,200 za dukani kuwa ni matumizi, programu itasema umetumia Sh. 8,200. Kwa kweli umetumia Sh. 3,200 na ada ya wakala basi. Zile Sh. 5,000 zilihama kutoka simu kwenda mfukoni, na Sh. 1,800 bado unazo. Ni hivyo hivyo ukipeleka Sh. 2,000 SACCO. Hujazitumia, umezihamisha. Wala mkopo ukiingia katika simu si mapato, ni deni lililoingia kwa mlango wa mapato. Programu inayojumlisha Fuliza pamoja na bei ya nazi itakuonyesha kwamba mwezi uliokopa sana ndio mwezi uliofanikiwa sana.

Ada za kutuma na kutoa fedha uziandike mahali pake peke yake. Ni shilingi kidogo kidogo, lakini ukizijumlisha mwisho wa mwezi utajua kama inakufaa kutoa mara moja kwa juma au kila siku. Ujumbe wa M-Pesa hutaja gharama hiyo, na pia hutaja salio lililobaki. Salio hilo ni shahidi mzuri sana. Jioni linganisha salio la ujumbe wa mwisho na salio la mfuko wa simu katika programu. Yakiwa sawa, lala. Yakitofautiana, tafuta usiku huo huo, maana baada ya siku tatu hutakumbuka.

Jambo jingine ni deni la ardhi. Tangu mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, walowezi wa skimu nyingi wamepewa ardhi kwa mkopo, na hati ya kumiliki shamba haitolewi mpaka deni limalizwe. Yako mashamba ambayo aliyegawiwa amekwisha kufariki, na watoto wake hawajui baba alilipa kiasi gani wala stakabadhi ziko wapi. Mwenye shamba la namna hiyo achague programu yenye mahali pa kuandika deni, ambamo kila malipo hupunguza kile kilichobaki, na afadhali iwe na uwezo wa kuhifadhi picha ya stakabadhi. Lakini usitupe karatasi. Ofisini wataomba karatasi, hawataomba simu yako.

Programu zenyewe

Ziko za namna nyingi sana, lakini zote huingia katika makundi machache.

La kwanza ni lahajedwali, yaani karatasi ya mistari na vyumba ndani ya kompyuta, ambayo hujumlisha yenyewe. Ile iliyotangulia kuuzwa kwa kompyuta ndogo iliitwa VisiCalc, iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston huko Marekani mwaka 1979. Leo watu hutumia Excel, au Google Sheets, au Calc iliyo ndani ya LibreOffice, na hii ya mwisho ni ya bure kabisa. Mkulima anaweza kuchora safu 12, Januari hadi Desemba, na chini ya kila mwezi akaweka mstari wa "Baki lililovushwa" ambao hulibeba baki la mwezi hadi mwezi unaofuata. Ule mfano wetu wa juu wote waingia katika karatasi moja, na pengo la masika huonekana toka mwezi wa Januari. Ubaya wake ni kwamba lahajedwali haikuulizi neno. Ukifuta kwa bahati mbaya kanuni iliyo katika chumba kimoja, itaendelea kukupa jumla ya uongo kwa adabu zote. Tena katika kioo cha simu ni taabu kuitumia. Kwa maoni yetu, nyumba yenye kijana aliyejifunza kompyuta shuleni haina haja ya kwenda mbali zaidi ya hapa. Mpe kijana kazi hiyo, lakini umwangalie.

La pili ni programu za bahasha. Wazee wetu wengi walifanya hivyo bila kompyuta: fedha za karo katika kopo, fedha za mbegu katika pindo la kanga, na za mafuta ya taa katika mkebe. Programu ya bahasha hufanya hivyo katika kioo cha simu. Kila shilingi iliyo mkononi hupewa kazi yake, na fedha ambazo hazijafika hazigawanywi. Njia hii yamfaa sana mtu ambaye mapato yake huja kwa mkupuo. Programu moja inayojulikana ni YNAB, iliyoanza mwaka 2004. Ni nzuri, lakini ni ghali; mwaka 2024 ilikuwa dola 109 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh. 14,000, na viungo vyake vya benki vimetengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali. Familia ya mfano wetu ikiinunua, ziada yake yote itakwisha na itadaiwa juu. Nyingine ni Goodbudget, ambayo hutoa bahasha chache bila malipo, na mume na mke wanaweza kutazama bahasha zile zile kila mmoja katika simu yake. Katika hiyo utaandika kila kitu kwa mkono. Wengine huona hiyo ni kasoro. Sisi twaona ni faida, na sababu yake tutaieleza baadaye.

La tatu ni GnuCash, programu ya kompyuta isiyouzwa, iliyoanza kutolewa mwaka 1998. Hufuata hesabu za pande mbili, ambazo mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alizieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, kama wafanyabiashara wa mji ule walivyozoea kuzifanya. Kila fedha lazima itoke mahali na iingie mahali. Kwa hiyo kosa la kuhesabu mara mbili, lile la wakala na unga, ni vigumu kulifanya humo. Deni la ardhi, mkopo wa SACCO, fedha za genge na fedha za shamba, zote hukaa mahali pake. Faili lake hukaa katika kompyuta yako. Lakini ni programu ngumu kwa mtu anayeanza, na katika juma la kwanza wengi hukata tamaa. Yamfaa yule mwenye shamba na biashara pamoja, au katibu wa chama, ambaye ana kompyuta nyumbani.

La nne ni zile zinazojiandikia zenyewe. Humpa mtu raha, maana husoma akaunti za benki au ujumbe wa simu na kujaza daftari bila wewe kugusa. Programu ya M-Pesa yenyewe, iliyotoka mwaka 2021, huonyesha jinsi fedha zilivyoingia na kutoka, na waweza pia kuomba taarifa ya miezi iliyopita ikaletwa kwa barua pepe. Iombe, ina faida. Lakini kumbuka kwamba taarifa hiyo yajua tu kilichopita ndani ya simu. Ukitoa Sh. 5,000 kwa wakala, huko mbele haijui kitu. Na katika magenge ya Bamburi, kama katika soko la Kongowea, noti na sarafu bado zina nguvu. Kuitegemea hiyo peke yake ni kama kumhesabia ng'ombe maziwa ya asubuhi na kuacha ya jioni.

Programu hufa

Jambo hili watu hawalifikiri wakati wa kuchagua. Kampuni ya Microsoft ilianza kuuza programu ya hesabu za nyumbani iitwayo Money mwaka 1991, ikaacha kuiuza mwaka 2009. Mint, programu ya Marekani iliyoanza mwaka 2006 na kununuliwa na kampuni ya Intuit mwaka 2009, ilikuwa na watumiaji kwa mamilioni. Ilifungwa Machi 2024. Watu walioweka humo hesabu za miaka kumi na zaidi waliambiwa wahamie mahali pengine, na wale ambao hawakutoa hesabu zao mapema waliona taabu. Ikiwa kampuni kubwa kama hizo zimefunga, basi programu ndogo ya bure uliyoipata jana yaweza kufungwa kesho bila mtu kupiga mbiu.

Kwa hiyo kabla hujaweka hesabu nyingi, tafuta kama programu ina njia ya kutoa hesabu zako nje, hasa kwa namna ya faili iitwayo CSV, ambayo karibu kila lahajedwali huifungua. Jaribu siku ile ile ya kwanza. Andika mambo matano, yatoe, yafungue mahali pengine. Kama hayatoki, au kama wataka fedha ndipo wayatoe, umekwisha kujua utakavyotendewa baadaye.

Programu inayotaka kujua mengi

Ziko programu zinazojiita za bajeti, lakini kazi yake hasa ni kukopesha. Utazitambua kwa maombi yake. Programu ya hesabu haina haja ya orodha ya majina ya jamaa zako waliomo katika simu. Haina haja ya picha zako. Haina haja ya kujua uko wapi. Ikiomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako wote, fikiri sana, kwa maana ndani ya ujumbe huo muna salio lako, deni lako, na namba za siri zinazotumwa na benki.

Wengi wa pwani na wa bara pia wanajua yaliyotokea. Mtu alikopa Sh. 2,000, akachelewa, na mkopeshaji akaanza kumpigia simu shemeji yake, mwalimu wa watoto, na imamu au mchungaji, kwa sababu majina yote aliyachukua siku ile programu ilipowekwa. Sheria imekwisha kuingia katika jambo hili. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na huchapisha orodha ya wale wenye leseni. Mwaka 2023 Google iliyazuia maombi ya programu za mikopo yanayotaka picha na majina ya watu. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia majina na namba za watu bila idhini. Mkulima aliyeonewa anaweza kupeleka malalamiko katika ofisi hiyo.

Lakini faini haimrudishii mtu heshima yake kijijini. Afadhali kukataa ruhusa toka mwanzo. Programu nyingi za kweli hufanya kazi vizuri hata ukikataa kila kitu. Ile inayogoma kufunguka mpaka upeane majina ya jamaa, iondoe.

Majaribio ya siku 30

Usianze na programu. Anza na daftari la shilingi chache. Kwa siku 30 andika kila kilichoingia na kila kilichotoka: tarehe, kiasi, mfuko, na sababu. Baada ya siku 30 utakuwa umejua mafungu ya nyumba yako. Yasizidi kumi. Chakula, karo, afya, nauli, shamba, mifugo, deni, ada za simu, michango, na mengineyo yatosha. Mtu mwenye mafungu 40 huchoka kabla ya Ijumaa. Na mwenye fungu la "mengineyo" kubwa kuliko chakula, ajiulize.

Hapo ndipo ile faida ya kuandika kwa mkono inapoonekana. Mtu anayeandika Sh. 150 za soda na mandazi kila siku kwa mkono wake mwenyewe, huziona. Yule ambaye programu inamwandikia, hukuta tu mstari mwisho wa mwezi, na mara nyingi haufungui.

Siku 30 zikiisha, weka programu mbili katika simu, usizidishe, na uandike juma moja katika zote mbili. Zima data uone kama programu bado inakubali kuandika, maana huko mashambani mtandao hupotea, na bando huisha. Mpe mwenzako simu aandike jambo moja bila msaada wako. Asipoweza, programu hiyo ni yako peke yako, nayo hesabu ya nyumba ni ya watu wawili. Fedha za mayai za mama ziwe na mfuko wake wenye jina lake. Hazina lazima ya kumwagwa katika kapu moja ndipo zihesabiwe. Watu wengi wameacha kuweka hesabu si kwa sababu ya ugumu wa programu, bali kwa sababu mmoja alihisi anapelelezwa na mwenzake.

Ukishachagua, funga programu kwa namba ya siri. Kila mwezi toa nakala ya hesabu uiweke mahali pengine, kwa mfano katika flashi iliyofungiwa pamoja na hati za shamba. Ukitumia kompyuta ya saiba, Bamburi au Mtwapa, futa faili lako na utoke katika barua pepe yako kabla hujainuka. Simu ikiibwa matatuni, utapoteza simu tu.

Wakati mzuri wa kuanza daftari hilo la siku 30 ni Oktoba au Novemba, ili programu iwe imekwisha kuzoeleka siku mchuuzi wa embe anapoleta fedha. Mtu anayeanza Januari, fedha zikiwa zimekwisha kufika, huandika akiwa katika furaha.

Huenda mtu akauliza: programu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni kidogo, nifanyeje? Maneno ya Kiingereza utakayokutana nayo kila siku hayafiki kumi. Mwombe mwanao akuandikie katika ukurasa wa kwanza wa daftari, neno na maana yake. Majina ya mifuko na mafungu utayaandika wewe, na programu itayakubali kwa Kiswahili, kwa Kigiriama au kwa lugha yo yote unayotumia nyumbani. "Karo ya masika", "Mkwezi", "Deni la shamba", "Mayai ya mama". Kama bado ni shida, chukua daftari lako la siku 30, nenda nalo kwa Bwana Shamba wa wadi yako au kwa karani wa SACCO yenu, na umwombe akae nawe nusu saa mbele ya simu. Daftari likiwa limejaa, nusu saa yatosha.